Katika Lugha ya Si, Sifuri Ni Ndiyo

Mume wangu mtoro,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa vizuri, si kwa sababu umezistahili. Hujambo? Kile kifua chako kinachokohoa ovyo wakati wa baridi kimetulia? Unakula, au bado una ule mtindo wa kunywa chai kavu mchana kutwa halafu unasema umeshiba? Mimi sijambo. Magoti yananisumbua kama kawaida yake, macho yanaona ya mbali na kuyagomea ya karibu, na mdomo, kama unavyojua, ndio kiungo pekee ambacho hakijaanza kuzeeka. Dada yako naye, nitafika kwake. Kaa kwanza nikuseme.

Umekaa huko mpaka watu wa hapa mtaani wameanza kuniuliza kama yule mjukuu wa kiume nilikuwa naye kweli au nilimwota. Kila ukipiga simu ni wiki ijayo Bibi, mwezi ujao Bibi, kazi ikipungua Bibi. Kazi haijawahi kumpungukia mtu yeyote ila marehemu. Kitanda chako nimekitandika na kukitandua hadi shuka limechoka. Paka wa jirani ndiye anayelalia mto wako siku hizi, na simfukuzi, maana yeye angalau anakuja. Ulipoondoka uliniaga kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Chumvi gani hiyo inayochimbwa mpaka leo?

Haya, nimepumua. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, yule aliyekupunguzia suruali ya mahafali ukabaki unaonyesha soksi. Anasema nikuambie lile kosa lilikuwa lako, hukusimama wima alipokuwa anakupima. Tupo kwenye meza yake ya kukatia nguo, na nimemwonya aandike ninavyosema, asije akaninyoosha kama kitambaa. Analalamika kuwa naongea haraka kuliko cherehani yake. Sikumwomba dada yako aandike kwa sababu barua hii inamhusu yeye, na hajui kama ipo. Simu nayo sikuitaka. Kwanza hupokei. Pili, kuta za nyumba yetu unazijua, ukikohoa sebuleni aliyeko bafuni anakuambia pole. Fundi bomba anakuja huko kesho kwa kazi zake, ndiye atakayekukabidhi. Nimemwambia asiondoke mlangoni pako mpaka akuone umeifungua, na akuone umekaa kitako.

Umekaa? Basi sikiliza. Dada yako hali chakula.

Anakaa mezani, anakoroga, anasogeza sahani upande huu, anairudisha upande ule, anasema ahsante Bibi ameshiba. Kikombe kimoja ameosha asubuhi nzima. Simu ikilia anaruka kama mtu aliyemwagiwa maji, akiangalia akaona si wewe anaigeuza uso chini. Juzi nilimkuta amesimama katikati ya chumba ameshika ufagio, hafagii, haendi wala harudi, nikamwita mara kadhaa ndipo akaniitikia abee kama aliyetoka mbali. Nikaogopa. Nikamuuliza waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka, kama ni tumbo au ni mwanamume. Akacheka kicheko kikavu, akasema ni mwanamume ndiyo, Bibi, ila ni yule wa kwako. Hapo nikajua ni wewe.

Ninyi kazi yenu mnaijua. Lakini acha nikueleze mimi ninavyoielewa, ili ujue kwamba hili ninalolisema sikulidokoa mlangoni. Hiyo programu anayoihudumia dada yako ni ya kukumbuka. Watu wanaoandika misimbo, yale maagizo ya kompyuta, wakibadilisha kitu, yenyewe inaweka cha leo na cha jana na cha mwaka juzi, ukiharibu unarudi nyuma ulikotoka. Ila kila mtu ana vitu kwenye folda yake ambavyo hataki vikumbukwe, makapi ya kazi, funguo za siri, mambo yake ya nyumbani. Basi anaiandikia programu majina ya vitu hivyo, nayo inavitenga. Haivihesabu, haivigusi, haina habari navyo. Sasa ile sehemu inayosoma majina na kuamua hiki nakichukua, kile nakiacha, ndiyo aliyokabidhiwa dada yako ailinde. Mtu yeyote, awe wapi duniani, akitaka kuibadilisha, lazima dada yako asome kwanza mstari kwa mstari, aseme sawa, ndipo yapite. Asiposema, hayapiti. Mlango ni wake.

Na yeye husoma kwa sauti. Anasema macho huruka, mdomo hauruki. Kwa hiyo mimi hukaa naye sebuleni nachambua mchele au nashona vifungo, yeye anasoma, na mambo ninayoyasikia humo Mungu ndiye anayejua. Zamani nilimuuliza ni lugha gani hiyo anayoisoma. Akasema Si. Nikamuuliza si nini? Akasema si kitu, Bibi, ndilo jina lake, ni herufi moja tu ya kigeni. Nikamwambia kama si kitu, hao mabosi wanamlipa mshahara wa nini. Mpaka leo kwetu inaitwa lugha ya Si. Fundi hapa ameniuliza aandikeje, nimemwambia aandike kama ninavyotamka, wewe utaelewa.

Humo ndani ya Si nilikuta kioja. Ukiuliza kama majina mawili ni yale yale, na kweli ni yale yale, inakujibu sifuri. Sifuri! Nikasema hii lugha ina kiburi, umeuliza kwa adabu inakujibu patupu. Dada yako akanieleza kwa utaratibu kwamba yenyewe inatafuta tofauti. Isipoiona tofauti inasema sifuri, maana yake ndiyo, ni yule yule. Nilicheka hadi nikadondosha sindano. Tangu siku hiyo mama wa geti la kijani akiniuliza kama nimeamka salama namjibu sifuri, naye ananitazama kama mtu aliyeanza kuharibika kichwa. Usicheke sana. Nitarudi kwenye kichwa changu baadaye.

Siku mabadiliko uliyoiandikia hiyo sehemu yake yalipomfikia, dada yako alipiga kigelegele pale pale kitini. Alinivuta mkono nikaone jina lako limeandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Mimi nisiyejua kusoma nikaligusa, akanigombeza kuwa nakichafua kioo, halafu akakifuta kwa upande wa kanga yake huku anatabasamu peke yake. Nakuambia hilo ulijue. Alifurahi kwanza.

Halafu ukampigia. Ukamwambia ofisini kwenu folda ni nyingi mno, hiyo sehemu yake inatembea kama jongoo, na wewe umeipatia njia ya mkato kwenye folda. Ukamwambia bosi wako amesema ikiingia kwenye toleo la Ijumaa hii anakutoa kwenye ajira ya majaribio na kukuajiri moja kwa moja, na isipoingia, hapo hukumalizia kusema. Nilikuwa karibu, simu yako inapiga kelele kama redio, nilisikia ulivyomwambia: pitisha tu Dada, programu nimeijaribu, majaribio yote yamewaka kijani, kwani na wewe unataka nikuletee barua ya mjumbe? Mkacheka wote wawili. Na mimi nikacheka. Lakini nilimwona mkono wake umeshika shingo, kama anavyofanya tangu utotoni jambo likimkaa vibaya.

Mjukuu wangu, mlango ule uliuchagua kwa sababu ulijua nani amekaa nyuma yake. Usinibishie, nakujua. Hata ulipokuwa mdogo, ukivunja kitu ulikuwa unakimbilia kwake kwanza, kwangu unaletwa ukiwa umeshafutwa machozi.

Akaanza kusoma. Alifika mahali akarudi juu, akasoma tena, akakwama pale pale. Akasema umerundika mambo mengi kwenye furushi moja, hawezi kuona kipi kimegusa kipi. Akakuandikia uyatenganishe, ukajibu muda hakuna. Siku hiyo chakula kikarudi jikoni kama kilivyotoka. Kesho yake akaniambia anaogopa mambo mawili na hajui lipi ni kubwa, kwamba huenda kuna kosa na yeye halioni, au huenda hakuna kosa na yeye anakuchelewesha bure kwa uoga wake. Akaniuliza, kama mtoto, Bibi, mimi ni mkali kwake kuliko kwa wengine? Nikamwambia ndiyo. Sikumdanganya. Akasema, na je, nikiwa mlaini kwake kuliko kwa wengine? Nikajifanya natafuta kifungo.

Basi akaamua aache kusoma, aijaribu kwenye mashine yake mwenyewe, ilivyo, na folda za kweli. Ilikuwa mchana, mimi niko uani naanika. Nilisikia kiti kinakwaruza sakafu.  Mkwaruzo ule wa mtu aliyeona nyoka. Nilipoingia alikuwa amesimama, mikono hewani, kama anaogopa kugusa kitu chochote. Nikamuuliza vipi. Akasema hamna kitu, Bibi, nimeliona kosa.

Alinieleza, nami nakurudishia kama nilivyopokea. Pale majina ya folda yanapolinganishwa, sifuri umeihesabu kuwa hapana. Alama moja tu imekosekana, ile ya mshangao, ambayo kwenye lugha ya Si ndiyo inayoigeuza sifuri kuwa ndiyo. Majaribio yenu yote yalikuwa ya faili mojamoja, hakuna aliyejaribu folda nzima, ndiyo maana yakawaka kijani. Kwa hiyo folda aliyoitenga mtu kwa mkono wake, programu inaiona ni takataka isiyo na mwenyewe. Na programu ina amri ya kufagia takataka, mtu akiitoa, inaizoa yote. Na kwa vile ilikuwa imetengwa, programu haikuwa na kumbukumbu yake hata chembe. Hakuna jana ya kurudia. Nilimuuliza ni watu wangapi wanaoitumia. Akasema Bibi, usiniulize.

Nikamwambia basi si aiweke mwenyewe hiyo alama, moja tu, nani atajua? Ukapata kazi yako, watu wakasalimika, na yeye akala ubwabwa wake.  Akasema amelifikiria hilo tangu alipoliona. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Lakini mwenye kazi ni wewe. Akikuwekea kimyakimya, hutajua ulipokosea, na kazi yako ya kesho haitakuwa na dada mlangoni. Ndipo akakuandikia yale maneno makavu: folda zilizotengwa zinafutwa, nimejaribu, tafadhali angalia ulinganisho, siwezi kupitisha. Aliyaandika, akayafuta, akayaandika tena. Alitaka kuongeza neno la upole, akasema wenzake wanaosoma wataona anakubembeleza, na watasema ulikuwa unabebwa tangu mwanzo. Ukavu ule ulikuwa wa kukulinda, ewe kichwa kigumu.

Na wewe ukamjibu nini? Ukaandika mbele ya watu wote wanaoisoma kazi hiyo: ahsante kwa kunizibia riziki, dada wa damu. Alinisomea. Hakutaka, nilimlazimisha. Alisoma kwa sauti ile ile anayosomea lugha ya Si, neno kwa neno, akafunga mashine, akaenda kuosha kikombe kilekile. Tangu siku hiyo simu zake hupokei. Zangu nazo hupokei, maana unajua nitasema nini. Sasa nimekuja kwa wino, nikate basi tuone.

Ungekuwa umeishia hapo ningekuchapa kwa maneno tu, tukamaliza. Lakini kuna jambo dada yako amelificha, ameniapisha nisikuambie, na mimi leo navunja kiapo hicho mbele ya fundi cherehani. Mwambie nimekuambia. Nikigombwa nitagombwa, nimeshagombwa na watu wakubwa kuliko yeye.

Unakumbuka ulipoanza kazi hiyo, uliniuliza mama yenu alikuwa mtu wa namna gani? Nikakuambia alikuwa mtu kama watu, kunywa chai inapoa. Sikuwa na nguvu siku ile. Ni mwanangu niliyemzika, si habari ya kumimina kama chai. Wewe ulikuwa mdogo alipokwenda, hata uso wake umeubakiza kwenye picha. Basi swali lako halikuniacha. Nikamwambia dada yako, na tukaanza. Jioni kabla ya chakula ananiwekea kompyuta mbele, inanisikiliza, mimi nasema. Nimesema mama yenu alivyokuwa mchokozi, alivyomkimbiza mpangaji kwa mwiko, alivyokuwa anaogopa panya na haogopi mtu, alivyobishana na baba yenu siku nzima kuhusu rangi ya mlango. Nimesema mpaka mambo ambayo sikujua kuwa bado ninayo. Yalikuwa yako. Dada yako alitaka akurushie kwenye simu, nikakataa. Nilitaka nikuone uso wakati unasikiliza. Tukasema utakuja wiki ijayo. Ungekuja ile wiki ijayo yako ya kwanza, ungekuwa umeondoka nayo mfukoni.

Alikuwa ameziweka sauti hizo kwenye folda, ndani ya folda yake ya kazi, na akaitenga, maana habari za mama yenu si za kukumbukwa na wenzake wa kazini. Umeshaelewa. 

Alipoijaribu kazi yako, aliijaribu humo humo. Haraka, kwa sababu yako, kwa sababu ya Ijumaa. Akafagia. Na dada yako huyu, anayemsumbua kila mtu kuhusu kuweka nakala ya pili, aliyemhubiria hata muuza mayai kuhusu nakala ya pili, alikuwa hana nakala ya pili. Alibeba mashine hadi kwa fundi wa kompyuta, akarudi ameikumbatia kama mtoto aliyelala, nikajua jibu kabla hajavua viatu. Hakulia. Afadhali angelia. Alipiga magoti mbele yangu akaniomba radhi, mtu mzima na mvi mbili kichwani, nikamwinua kwa masikio. Nikamwambia mimi nipo hai, mdomo upo, tutasema upya. Na tumeshaanza. Safari hii nimepunguza mahali nilipokusifia.

Lakini akaniapisha. Alisema wewe ukijua kilichofagiwa, hutagusa tena kompyuta maisha yako yote, na kipaji chako kitakufa kwa alama moja ya mshangao. Kwa hiyo alipokuandikia alisema tu nimejaribu. Alilisoma tusi lako na hakujibu. Angeweza kukunyamazisha kwa sentensi moja mbele ya watu wote, akaimeza.

Sasa la mwisho ni langu, na hili dada yako halijui. Hili usimwambie. Mengine yote mwambie, hili hapana. Fundi ameacha kuandika ananitazama. Andika.

Jioni moja dada yako alikuwa ametoka kupokea mzigo getini, mimi nimebaki peke yangu na ile mashine, nikawa naendelea. Nilikuwa nasema jinsi mama yenu alivyokuwa akikuogesha. Alikuwa anakuweka kwenye beseni, anakumwagia maji kwa kikombe, na kila akikumwagia alikuwa anakuita jina. Si jina lako hili la vyeti. Jina lake yeye kwako, la kwenye maji tu, wewe unapiga mateke na kuitika kwa kelele. Na jina lile, ambalo sikuwa nimelitamka tangu siku tuliyomzika, lilinitoka mdomoni lenyewe, zima, na sauti yake. Nilishtuka. Nikacheka peke yangu kama chizi. Dada yako aliporudi nikamwambia tu nimechoka, kwa leo tufunge, kwa sababu nilitaka wewe uwe wa kwanza kulisikia.

Tuliporudia kusema upya, nilifika pale pale kwenye beseni. Nikafungua mdomo. Halipo.

Nimelitafuta. Nimelitafuta nikiosha vyombo, nikitembea, nikiwa kwenye foleni ya hospitali. Najua lilikuwa fupi. Najua lilikuwa linachekesha. Najua mwisho wake ulikuwa unavutwa. Nikilikaribia linateleza kama sabuni. Wapo waliolijua, mama yenu, baba yenu na mimi, na wawili hawapo. Kompyuta ililisikia, ikalizoa. Ninaogopa, mume wangu. Si kufa, hilo nimeshajipanga nalo. Ninaogopa kwamba nimebeba kitu chako miaka yote hii bila kujua nimekibeba, nikakitoa mara moja, na mara hiyo moja hukuwepo. Na nikimwambia dada yako atajua kwamba alichofuta hakisemeki upya, naye hatajisamehe. Kwa hiyo nimekaa nalo mimi, na sasa umekaa nalo wewe. Mmoja wenu alipaswa kunisaidia kubeba, na wewe ndiye mwenye mabega.

Fundi anafuta macho, anadai ni vumbi la kitambaa.

Sikukuandikia hili ili uvunjike. Ukivunjika utanikuta. Dada yako amemwomba mkubwa wa programu yao akushikie nafasi kwenye toleo mpaka Ijumaa jioni, bosi wako akitaka kukutambua, akutambue kwa kazi iliyonyooka. Amesema, na mimi nakariri kama kasuku: litenganishe lile furushi, rudisha alama mahali pake, andika na jaribio la folda nzima, na usilijaribu ndani ya folda yenye kitu cha mtu. Ule ukurasa wa kazi yako kwenye kompyuta anauangalia mchana kutwa kuona kama umeandika. Anasema anaangalia mambo mengine. Anaangalia huo. Kaa chini uandike kabla fundi bomba hajamaliza hata soda utakayompa. Na lile neno la riziki uliloliandika mbele za watu, ukalifutie mbele za watu hao hao.

Nisalimie mwenye nyumba wako, mwambie namshukuru kwa kukuvumilia. Nisalimie na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma. Majirani wote wanakusalimu, mama wa geti la kijani anauliza kama umeshaoa, nimemjibu una mke na ndiye huyu anayemjibu. Fundi anakusalimu na anasema ulete suruali, ataishusha bure. Dada yako hajakutumia salamu kwa sababu hajui barua ipo, lakini jana alipopanga sahani alipanga na yako, akaiona, akaiacha pale pale mpaka tulipomaliza kula. Chukua hiyo iwe salamu yake.

Na ukija, uje mchana kuna jua, uje na siku nzima, na usiniulize lile jina, maana likiulizwa linakimbia. Utanikuta uani nafua. Vuta kigoda ukae karibu na beseni, niongeleshe mambo yako yoyote ya kijinga, mikono yangu ikiwa majini, na usinyamaze hata nikionekana sisikilizi. Nikikuita, itika.

Ni mimi bibi yako, mkeo wa kwanza.